Nani Anashika Kisu cha Mkate?

Ukiingia dukani Osaka kununua mkate wa kawaida, unachoamua kwanza ni idadi ya slesi. Mkate ni uleule, kampuni ileile, bei ileile, lakini kifuko kimoja kimeandikwa 4, cha pili 5, cha tatu 6, cha nne 8. Ukichukua wa 4, kila slesi ina unene unaokaribia sentimita 3. Ukiibanika inakauka nje huku ndani ikibaki na unyevu wake. Ukichukua wa 8 unapata slesi za sentimita moja na nusu hivi, zinazotosha nyumba yenye watoto. Watu wa Osaka na upande wa magharibi hupenda za 4 na 5; watu wa Tokyo hupenda za 6 na 8. Na hiyo ni nchi moja, miji miwili inayounganishwa na treni kwa saa mbili na nusu tu.

Nairobi hakuna anayehesabu slesi. Mteja anaomba mkate, anapewa wa gramu 400, anauminya kidogo juu ya kifuko ajue ni wa leo au wa juzi, analipa, anaondoka. Oslo mkate umewekwa mzima rafuni na mteja anaukata mwenyewe. Munich muuzaji anauliza: nikukatie au unauchukua hivyohivyo? Paris mkate wa slesi upo, ila umepangwa huko kwenye vitu vya pakiti, mbali kabisa na mahali ambapo Mfaransa anapaita duka la mkate.

Ni rahisi kusema kila taifa lina ladha yake, tukaishia hapo. Kwangu jibu hilo halitoshi. Ladha huja mwishoni, ikifuata mambo ambayo walaji wenyewe hawakuyachagua: ngano gani inaota au inanunulika, mkate unaliwa saa ngapi na kwa kitu gani, na serikali imejipa kazi ya kusimamia nini katika mkate huo. Na kabla ya yote hayo kuna kifuko.

Kukata si kazi, kazi ni kuhifadhi

Otto Frederick Rohwedder alikuwa Mmarekani wa Iowa mwenye maduka ya vito huko Missouri. Aliyauza ili apate fedha za kuunda mashine ya kukata mkate. Mwaka 1917 moto ukateketeza mashine yake ya kwanza pamoja na michoro, akaanza upya. Waokaji aliowafuata walimkatalia, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mkate ukishakatwa unakauka haraka, kwa sababu sehemu ya ndani iliyokuwa imelindwa na ganda sasa iko wazi kwa hewa. Rohwedder alijaribu hata kuzishikiza slesi pamoja kwa pini za chuma. Kilichomwokoa ni kuunganisha kukata na kufunga: mkate unakatwa na hapohapo unazungushiwa karatasi yenye nta. Tarehe 7 Julai 1928, kiwanda cha mikate cha Chillicothe, Missouri, kikauza mkate wa kwanza wa namna hiyo, wenye slesi za unene wa chini kidogo ya nusu inchi. Kufikia 1930 kampuni ya Wonder Bread ilikuwa inauza mkate uliokatwa Marekani nzima.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya karatasi ile, au ndani ya kifuko cha plastiki kilichokuja kuchukua nafasi yake. Mkate unapotoka tanurini ganda lake ni kavu, na ndani kumejaa maji. Ukiuacha wazi, maji yanapenya ganda yanapotelea hewani. Ukiufunga, maji yanahama kutoka ndani, yanafika kwenye ganda, yanakwama hapo. Ganda linalegea. Kwa hiyo mkate wenye ganda gumu la kuvunjika hauwezi kukatwa kiwandani, ukafungwa, ukauzwa kesho yake ukiwa bado ni mkate uleule. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya slesi na haikupitishwa na bunge lolote: anayetaka akatiwe mapema amekubali kupoteza ganda.

Tukishika hilo, ramani ya dunia inaanza kueleweka. Nchi ambazo ganda ndilo roho ya mkate zilikikataza kiwanda kushika kisu. Zikakiacha mkononi mwa muuzaji, kama Ujerumani, au mezani kwa mlaji, kama Ufaransa. Nchi ambazo mkate uliingia na wageni, watu wakiwa tayari na ugali wao, wali wao au ndizi zao, hazikuwa na ganda la kulitetea. Slesi laini ilipofika ikapokewa kuwa ndiyo mkate wenyewe.

Kifuko kilileta na jambo la pili. Mteja hausikii tena mkate unavyolia ukibonyezwa, na harufu haimfikii. Kilichobaki ni kuminya. Ulaini ukageuka kipimo cha upya, na waokaji, ambao si watu wa kulala, wakaongeza mafuta, sukari na dawa za kulainisha ili mkate wa siku ya nne uminyike vizuri sawa na wa siku ya kwanza. Sisi tunaominya mikate madukani tunapima ustadi wa mkemia kuliko saa ya kutoka tanurini.

(Kwa kuwa tumefika hapo: mkate hauwi mgumu kwa kukauka peke yake. Wanga uliolainika kwa joto la tanuri hujipanga upya na kukaza kadiri unavyokaa, hata kifuko kikiwa kimefungwa, na ubaridi wa friji ndio unaouharakisha zaidi. Friji huzuia ukungu, ila hufanya mkate uwe mzee. Anayetaka kuutunza wiki nzima augandishe kabisa, slesi zitoke mojamoja na kwenda moja kwa moja kwenye tosta.)

Jinsi kifuko kilivyo nusu ya habari hii, Wamarekani walilijua mwaka 1943. Tarehe 18 Januari Waziri wa Kilimo Claude Wickard alipiga marufuku mkate wa slesi, vita ikiwa imepamba moto. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba mkate uliokatwa unahitaji karatasi nzito zaidi ya nta kuliko mkate mzima. Akina mama wakaja juu. Mmoja wa Connecticut aliliandikia gazeti la New York Times akihesabu jinsi anavyolazimika kukata zaidi ya slesi 20 kila asubuhi, za kifungua kinywa na za kubeba, kabla mume na watoto hawajatoka. Marufuku iliondolewa tarehe 8 Machi, hata miezi miwili haijatimia. Miaka 15 tu ilitosha kuwafanya watu wa nchi kubwa wasione tena sababu ya kushika kisu cha mkate.

Unga uliopo

Waingereza walipata slesi yao ya leo kwa sababu ya ngano dhaifu. Ngano inayoota kwao haina protini nyingi, na protini hiyo ndiyo inayojenga gluteni, yaani ule uzi unaovutika unaoshika hewa ndani ya donge. Kwa miongo mingi walitegemea ngano ngumu iliyovuka bahari kutoka Kanada na Marekani. Mwaka 1961 watafiti wa mikate huko Chorleywood, karibu na London, waligundua kwamba donge likikandwa kwa nguvu na kasi kubwa kwa dakika chache, likatiwa vitamini C, mafuta magumu na hamira ya ziada, halihitaji kukaa saa nyingi likiumuka. Unga wa ngano ya nyumbani ukafaa. Tangu unga kuingia kwenye mashine hadi mkate kukatwa na kufungwa zikawa saa tatu na nusu hivi. Leo karibu asilimia 80 ya mkate wa Uingereza hutengenezwa hivyo, na mtindo huo ulienea hadi Australia, Afrika Kusini na kwingineko.

Matokeo yake ni mkate wa gramu 800, mraba, mweupe, wenye matundu madogo yaliyo sawasawa, unaouzwa kwa unene wa majina: nyembamba, wastani, nene. Nyembamba ni za sandwichi, nene ni za kubanika. Wapo wanaoulaumu mkate huu kwa kukosa ladha, na kweli ladha nyingi ya mkate hutokana na chachu kukaa na unga kwa muda mrefu, muda ambao Chorleywood iliufuta. Lakini lawama hiyo husahau kwamba walaji wake wengi walikuwa wafanyakazi waliotaka mkate wa bei nafuu usiobadilika Jumatatu hadi Jumamosi. Waliupata.

Wajerumani wa kaskazini walikuwa na shida nyingine. Udongo hafifu na baridi viliwapa rai, nafaka ya jamii ya ngano ambayo gluteni yake haivutiki. Donge la rai halifurishwi kwa hamira pekee. Linahitaji chachu kali ya kuutuliza wanga usigeuke uji tanurini. Mkate wake unatoka mzito, wa kahawia, wenye unyevu, na mtu hawezi kuula kwa slesi nene. Hukatwa nyembamba. Pumpernickel ya Westphalia huokwa kwa joto la chini si chini ya saa 16, na ndiyo slesi ya Kijerumani inayostahimili pakiti, kwa kuwa haikuwa na ganda la kupoteza tangu mwanzo. Denmark nako rai hukatwa nyembamba, ikapakwa siagi na kupangiwa samaki au nyama juu, ikaliwa kwa kisu na uma. Kipande cha juu hakipo, wala hakuna anayekiulizia.

Kwetu Afrika Mashariki ngano ni zao la milimani na la melini. Kenya hulima Narok, Nakuru, Uasin Gishu na huko Timau, lakini sehemu kubwa ya inayoliwa huagizwa nje. Tanzania iliwahi kuweka matumaini yake Hanang, ambako kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia ng'ombe wao. Wafugaji walipoteza malisho na makaburi ya wazee wao, wakafika mahakamani. Ngano nayo haikuitosheleza nchi, na hadi leo meli ndizo zinazojaza vinu vya Dar es Salaam. Uganda ilichangia kwa namna yake: kutu ya shina iliyogunduliwa huko 1998, ikapewa jina Ug99, ilitishia mashamba ya ngano kuanzia Afrika hadi Asia. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya mkate wa Mombasa ilisikia kabla magazeti hayajamaliza kueleza Odesa iko wapi.

Hapo ndipo gramu 400 zinapopata maana yake. Kwa Mwingereza mkate huo ni nusu mkate. Kwetu ndio mkate kamili, kwa sababu unanunuliwa leo kwa pesa ya leo. Nyumba inayopata kipato cha siku hainunui chakula cha siku tano kikae kabatini, hata kama kwa hesabu ya gramu mkate mkubwa ungekuwa nafuu. Na bado 400 huwa nyingi kwa wengine: upo mkate wa gramu 200, na wapo wenye vibanda wanaofungua kifuko na kuuza slesi mbili na kikombe cha chai. Hilo lisingewezekana kama mkate ungekuja mzima. Kisu cha kiwandani ndicho kilichomwezesha muuza chai kurejareja mkate bila kubishana na mteja kipande kipi ni kikubwa.

Mkate unaliwa na nini

Tazama mtu wa Morogoro au Kisumu akinywa chai asubuhi. Slesi inapakwa siagi ya kopo, inakunjwa mara moja, kona yake inazamishwa kwenye chai ya maziwa, inatolewa kabla haijakatika, inaliwa. Kwa matumizi hayo mkate mzuri ni upi? Ni laini, mtamu kidogo, unaonyonya haraka bila kusambaratika, na wenye ganda jembamba lisilosumbua. Mkate wa rai ungekaa kwenye chai hiyo mpaka ipoe. Baguette ingenyonya vizuri lakini ingekwangua fizi. Wageni wanaofika Nairobi au Dar husema mkate wetu una sukari nyingi; hawajauona kazini.

Pwani ilikuwa na mikate yake kabla ya slesi, na yenyewe haina habari na mashine. Mkate wa ajemi na wa mofa humegwa kwa mkono, ukachovywa kwenye mchuzi au maharage ya nazi. Boflo hupasuliwa. Mkate wa kumimina, ule wa mchele, hukatwa pembetatu wakati wa kufuturu. Slesi ilipofika Unguja na Mombasa haikuichukulia kazi hiyo. Ilipewa asubuhi na chai, mchuzi ukabaki na wenyewe. Ukivuka kwenda Lubumbashi au Bukavu, asubuhi hiyohiyo unakutana na mkate mrefu wenye ganda, waliouacha Wabelgiji. Chai ipo, sukari ipo, mkate umebadilika kwa kuwa aliyetawala alikuwa mwingine. Hapa sidhani kama kuna siri zaidi ya hiyo.

Norway inanivutia kuliko zote, maana imepata suluhu ambayo Rohwedder hakuifikiria. Katika duka kubwa la kawaida mikate iko wazi kwenye mifuko ya karatasi, na pembeni kuna mashine ya chuma yenye kifuniko cha plastiki ngumu. Mteja anaulaza mkate wake, anafunga kifuniko, anabonyeza. Safu ya misumeno inaupitia kwa mtikisiko kwa sekunde chache. Kisha anazishika slesi zote kwa mikono miwili zisimwagike, na kuzisukumia ndani ya mfuko. Chembe zinafagiliwa kwa brashi iliyofungwa kwa kamba. Mkate umeokwa leo, umekatwa sasa hivi, kiwanda hakikugusa kisu. Kazi yake kubwa ni chakula cha mchana: mtoto wa shule na mkurugenzi wa benki wote hubeba slesi zilizopakwa kitu kimoja tu, jibini ya kahawia au samaki, zikipangwa juu kwa juu na karatasi ndogo iliyokatwa kwa kipimo cha slesi kati ya kila moja, zisigandane. Karatasi hizo huuzwa madukani kwa pakiti. Nchi tajiri kupindukia, na mchana inakula mkate baridi bila manung'uniko.

Wajerumani mkate wao mkuu ni wa jioni, ukiliwa baridi na jibini na nyama za kukausha. Waswidi hupenda mkate wenye sirapu ndani yake. Miaka ya 1970 waokaji wao waliendesha tangazo, likitaja mamlaka ya afya, la kuwataka wananchi wale slesi sita hadi nane kwa siku, tangazo ambalo watu wa rika fulani bado hulicheka. Waholanzi hupaka siagi kwenye slesi na kuimwagia punje za chokoleti, watu wazima wakiwemo, asubuhi ya kazi. Turin, kwenye mkahawa wa Mulassano, miaka ya 1920 walianza kuuza slesi nyeupe zisizo na ganda zilizojazwa vitu katikati, na Waitalia, watu wa mkate mgumu, wakazipenda. Singapore slesi ya rangi rangi hufungwa kwenye kipande cha aiskrimu barabarani. Australia slesi moja nyeupe hubeba soseji nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi siku za mwisho wa juma, na kwenye sherehe za watoto hupakwa siagi na kunyunyiziwa punje za sukari za rangi.

Japani ilijifunza kula mkate kwa wingi baada ya 1945, unga wa Marekani ulipoingia kwenye chakula cha shule. Kilichotokea baadaye ni chao. Waokaji wao hupika sehemu ya unga kwa maji ya moto kwanza, wanga ukanywa maji mengi, kisha wakauchanganya na unga uliobaki; mkate unatoka laini na wenye kuvutika, na hukaa hivyo siku kadhaa bila kemikali nyingi. Ulaini ambao Mmarekani aliutafuta kwa dawa, Mjapani aliutafuta kwa uji. Jambo la kuchekesha ni kwamba mikate ya kifahari iliyovuma huko kuanzia 2013, watu wakipanga foleni mitaani, iliuzwa mizima. Muuzaji aliwashauri wateja waukate nyumbani, au waumege tu kwa mkono.

Serikali ndani ya kifuko

Mkate ni miongoni mwa vyakula vinavyotungiwa sheria nyingi. Uingereza ilianza 1266. Sheria ya mikate ya wakati huo ilishikilia bei na kuachia uzito: ngano ikipanda, mkate wa senti ileile unapungua. Kenya na Tanzania za leo zimekwenda kinyume, uzito unaandikwa kwenye kifuko na bei ndiyo inayotembea. Si jambo dogo. Kwa mtindo wa kale njaa ilikuja kimyakimya ndani ya mkate. Kwa mtindo wetu inakuja na kelele, na kelele hizo ni za kisiasa.

Mwaka 2024 Muswada wa Fedha wa Kenya ulipendekeza mkate wa kawaida, uliokuwa hautozwi kodi ya ongezeko la thamani, utozwe asilimia 16. Juni 18 pendekezo la mkate liliondolewa, la kwanza kwenye orodha ya vitu vilivyoachwa, ishara kwamba walioandika muswada walijua kinachouma. Halikutosha. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakafa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Nchi hiyo hiyo huita serikali ya mseto nusu mkate. Mtu asishangae mkate mzima ukiingia barabarani.

Afrika Kusini mkate wa kahawia hautozwi kodi hiyo, mweupe unatozwa, na kwa hiyo rafu ya mikate huko imegawanywa na mtoza ushuru kwanza, mlaji baadaye. Nchi hiyo pia ilikuwa na kampuni kubwa chache zilizopanga bei pamoja. Tume ya Ushindani ilipofika, Tiger Brands ilikubali kulipa zaidi ya randi milioni 98 mwaka 2007, na Pioneer Foods ikatozwa zaidi ya randi milioni 195 mwaka 2010. Baadaye serikali ikaweka kikomo cha chumvi ndani ya mkate, kuanzia Juni 2016, kwa hoja rahisi kwamba ndicho chakula kinachopitisha chumvi nyingi kwa watu wengi. Australia ilifanya kinyume chake kwa nia ileile: tangu 2009 waokaji wanalazimika kutumia chumvi yenye madini joto, na unga wa mkate huongezwa asidi ya foliki kwa ajili ya mimba. Kenya na Tanzania nazo ziliamuru unga wa ngano wa viwandani uongezwe virutubisho mwanzoni mwa miaka ya 2010. Slesi ya mtoto wa Tandale na ya mtoto wa Perth zote zimepitia mkononi mwa wizara ya afya.

Nchi nyingine hubishania jina. Ufaransa iliamua 1993 kwamba mkate unaoitwa wa jadi ya Kifaransa usigandishwe wala usitiwe viongezeo, na kwa kufanya hivyo ikaujengea mkate wa slesi ukuta wa kisheria upande wa pili. Norway huchapa duara kwenye mfuko kuonyesha kiasi cha unga wa nafaka isiyokobolewa, kwa robo nne, mtu asidanganywe na rangi ya kahawia. Ireland ilikwenda mbali zaidi: Septemba 2020 Mahakama ya Juu ilisema mikate ya Subway, kwa sheria ya kodi ya nchi hiyo, si mkate wa chakula cha msingi, kwa kuwa sukari yake ilikaribia asilimia 10 ya uzito wa unga na sheria inaruhusu 2. Nikijaribu kuuweka mkate wetu wa asubuhi mbele ya majaji hao, naogopa tungerudi nyumbani bila mkate.

Na kuna bromati ya potasiamu, dawa inayolipa donge nguvu na mkate umbo. Uingereza iliipiga marufuku 1990 kwa hofu ya saratani, Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 2000, India 2016. Marekani haijaikataza nchi nzima. California imepitisha sheria yake, inayoanza 2027. Viwanda viwili vyenye mashine ileile, vikikata kwa unene uleule, vinaweza kutoa slesi ambayo mpaka mmoja unaiita chakula na mwingine unaiita kosa.

Swali linalotuhusu zaidi sisi ni la unga. Kila ngano inapopanda hutokea mtu akauliza kwa nini tusichanganye muhogo, mtama au viazi. Nigeria ilijaribu kwa nguvu ya Rais: Olusegun Obasanjo alitaka asilimia 10 ya muhogo kwenye unga, na Goodluck Jonathan akaja na mkate wa asilimia 40. Wasagishaji waliburuta miguu na mpango ukafifia. Kenya kuanzia 2015 supamaketi moja iliuza mkate wenye rojo ya viazi lishe, wa rangi ya manjano, mtamu bila sukari nyingi, na wateja waliununua. Lakini muhogo hauna gluteni. Ukiuchanganya kidogo, mkate haujui. Ukiongeza, donge linakosa uzi wa kushika hewa, mkate unashuka, na unapofika kwenye misumeno slesi ya sentimita moja na robo inapasuka katikati, au inavunjika pale kisu cha siagi kinapoipitia. Mkate huohuo ukiokwa mdogo wa kumegwa kwa mkono usingeleta shida yoyote. Wataalamu wa vinu hupima protini. Mwokaji wa Buguruni anayetaka kuchanganya muhogo anapima kwa njia fupi zaidi: anapaka siagi ngumu ya asubuhi ya baridi kwenye slesi, akiona imehimili anaongeza muhogo kidogo kesho yake.